Mali Bila Daftari: Kusimulia Maendeleo Yako kwenye Hive ili Mgeni Afaidike

Mpwa wangu alinijia jioni moja akiwa na simu mkononi, uso umemchangamka. "Shikamoo mjomba. Nimeiona makala yako. Dola nne!" Alikuwa ameufungua ukurasa wangu wa Hive, na chini ya makala niliyoichapisha juzi yake akakuta pameandikwa 4.00. Hesabu alishaipiga njiani: makala moja kila siku, dola 4 kila makala, mwezi ukiisha ni dola 120. Alitaka nimfungulie akaunti usiku uleule. Rafiki zake wawili alishawaambia, nao walikuwa wakisubiri jibu.

Sikumlaumu, maana kosa lilikuwa langu. Wiki ileile nilikuwa nimechapisha ripoti ya maendeleo yangu ya mwezi. Niliweka humo picha ya skrini yenye makala zangu tano na tarakimu zake, nikamalizia kwa maneno ya kuwatia moyo wageni. Maana ya tarakimu zile sikuieleza. Kijana alisoma nilichoandika, akaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyoandika ripoti zangu. Makala hii ni kwa ajili yako uliyetangulia hatua chache na unayetaka kumwonyesha njia anayekuja nyuma. Ni kwa ajili ya mgeni pia, ili ajue maswali ya kumwuliza kila anayejitokeza kuwa mwenyeji wake.

Dola 4 zilivyogeuka dola 1

Kwanza, kwa asiyeijua Hive. Ni jukwaa la kuandika lililojengwa juu ya blokucheni, yaani daftari la pamoja ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na ambalo ukurasa wake ukishaandikwa haufutiki. Ukurasa mpya huongezwa kila baada ya sekunde 3. Wanaouandika huitwa mashahidi: 20 wa juu huchaguliwa kwa kura za wenye sarafu, na nafasi ya 21 hupokezanwa na walio nyuma yao. Hive ilizaliwa tarehe 20 Machi 2020 kwa kujitenga na Steem, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer. Ukiandika, wasomaji hukupigia kura, na kura hizo ndizo zinazoamua utapata kiasi gani kutoka kwenye mfuko wa zawadi, ambao mfumo wenyewe huujaza kwa sarafu mpya.

Nilichukua karatasi, nikaandika 4.00 juu yake, nikaanza kushuka na mpwa wangu mstari kwa mstari.

Fedha hiyo ilikuwa bado haijalipwa. Makala husubiri siku 7 tangu ilipochapishwa, na ndani ya siku hizo tarakimu huweza kupanda au kushuka, kwa kura mpya, kwa kura za kupinga, au kwa bei ya sarafu kuyumba. Tena nusu yake ni ya waliopiga kura. Ndiyo thawabu yao kwa kusoma na kuchagua. Zikabaki dola 2. Katika mpangilio wa kawaida, sehemu ya mwandishi nayo hukatwa mara mbili: nusu hulipwa kwa HBD, sarafu iliyokusudiwa kukaa karibu na dola 1 ya Marekani, na nusu kwa Nguvu ya Hive, inayoandikwa kwa kifupi HP. HP ni akiba iliyofungwa ya HIVE, sarafu ya mtandao wenyewe. Ukitaka kuifungua, hurudi kwako kwa mafungu 13, fungu moja kila wiki. Kwa hiyo katika ile 4.00, kiasi ambacho ningeweza kukigusa baada ya wiki ni kama dola 1. Na ukiandikia kwenye programu inayochukua mgawo wake, hata hiyo dola 1 haifiki nzima.

Mpwa wangu aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, mbona hukuandika hivyo?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kuandika ripoti.

Kile ambacho daftari halikijui

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye Hive daftari lipo tayari, tena limefunguliwa mbele ya watu wote. Yeyote anaweza kuingia tovuti ya HiveBlocks, akaandika jina la akaunti yako, na kuona kila kura uliyopiga, kila malipo uliyopokea na kila sarafu uliyomtumia mtu. Hata makala ukiihariri, toleo la kwanza linabaki kwenye kumbukumbu.

Ndiyo maana ripoti inayorudia tarakimu tupu haimsaidii mtu. Tarakimu mgeni anaweza kuzitafuta mwenyewe. Daftari linajua ulipokea HP ngapi mwezi huu. Halijui kwamba makala iliyokuletea ulikesha nayo siku mbili. Halijui ulinunua bando mara ngapi ili kupakia picha. Halijui kwamba kura iliyokunyanyua ilitoka kwa mtu mliyekuwa mkijibizana kwenye maoni kwa miezi miwili kabla hajakupigia kura hata moja. Na halijui ile wiki uliyotaka kuacha kabisa, na kilichokufanya usiache.

Hayo ndiyo mambo ya kuandika. Mgeni anataka kujua ulipitaje, maana yeye ndiye atakayepita hapohapo kesho.

Andika saa zako. Weka daftari la karatasi pembeni na uandike kila siku ulitumia muda gani kuandika, kusoma wengine na kujibu maoni. Ukigawanya ulichopata kwa saa hizo, huenda tarakimu ikakuhuzunisha. Iandike vivyo hivyo. Mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto wa kulea ana haki ya kujua kabla hajaanza kwamba miezi ya kwanza hailipi bando lake.

Andika pia kura zilitoka wapi. Kwenye Hive uzito wa kura hutegemea HP ya anayeipiga. Ndiyo maana wenye akaunti ndogo huitwa dagaa, wa kati pomboo, na wakubwa nyangumi. Makala inaweza kupigiwa kura na dagaa sitini isisogee, kisha nyangumi mmoja akapita ikaruka. Ile 4.00 yangu karibu yote ilitoka kwa akaunti mbili. Kama ningesema hivyo katika ripoti, mpwa wangu asingezidisha kwa 30, kwa sababu angeuliza: je, hao wawili watapita kila siku?

Na usizifiche makala zilizopata sifuri. Makala ambayo malipo yake hayafiki karibu senti 2 hailipwi kabisa. Kila mgeni atakutana na sifuri hiyo, na akidhani ni yeye peke yake atajiona hafai. Akikuta mwenyeji wake naye aliandika makala nzuri ikapata sifuri, atapumua na kuandika nyingine.

Hesabu sarafu kwanza, dola baadaye

Mwanzoni mwa Januari 2018 bei ya STEEM, sarafu ya mtandao ule uliotangulia Hive, ilipita dola 7. Walioandika ripoti za maendeleo majuma yale walijikuta matajiri kwenye skrini. Mtu aliyekuwa na STEEM 100 aliandika ana zaidi ya dola 700, na hakuwa mwongo. Kabla mwaka huo haujaisha bei ilikuwa chini ya nusu dola, na mnamo Novemba kampuni ya Steemit, iliyoujenga mtandao huo, ikatangaza kupunguza karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wake. STEEM zile 100, bila mwenyewe kufanya kosa lolote, zilikuwa hazifiki hata dola 50.

Fikiria mgeni aliyejiunga Februari kwa kuzisoma ripoti za Januari. Alifuata kila hatua, akaandika kwa bidii, akakusanya sarafu nyingi kuliko mwalimu wake, na bado akajiona ameshindwa, kwa sababu kipimo alichopewa kilikuwa kinayeyuka mikononi mwake.

Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza kiwe sarafu zenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa na HP kadhaa, mwezi huu nina kadhaa, tofauti ni hii. Ukuaji huo ni kazi yako. Thamani ya dola iandike chini yake, pamoja na tarehe na bei ya siku hiyo, ili anayesoma baada ya mwaka ajue ulikuwa unapima kwa mizani ipi. Tofautisha pia HP yako mwenyewe na HP ya kuazimwa, maana mara nyingi akaunti changa hupewa nguvu ya mkopo ili iweze kuchapisha. Nguvu hiyo huhesabika kwenye kura zako, lakini mwenyewe anaweza kuichukua wakati wowote. Mtu anayeazima shamba halitaji shamba hilo katika urithi wa wanawe.

Liko jambo moja zaidi kuhusu hesabu, nalo ni mahali sarafu zilipo. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao mwingine wa sarafu uitwao Tron, aliinunua kampuni ya Steemit. Mwanzoni mwa Machi masoko makubwa ya kubadilishia sarafu yakatumia STEEM za wateja wao kupiga kura za kuwabadilisha mashahidi wa mtandao. Mgogoro huo ndio uliozaa Hive. Wateja wale walidhani sarafu zao zimelala salama, kumbe zilikuwa zinapiga kura bila wao kuulizwa. Ukiandika "nina HIVE kadhaa", mwambie mgeni ziko wapi: kwenye akaunti yako ambayo funguo zake unazishika wewe, au kwenye soko la mtu mwingine.

Kosa nililolificha

Nina jambo la kukiri. Mwaka wangu wa kwanza nilituma HIVE 40 kwenye soko moja la sarafu ili nizibadilishe. Unapotuma huko unatakiwa kujaza sehemu ya memo namba uliyopewa na soko, kwa sababu sarafu za wateja wote huingia kwenye akaunti moja, na namba hiyo ndiyo pekee inayowaonyesha kwamba fungu hili ni lako. Nilikuwa na haraka. Memo niliiacha tupu. Sarafu zikaenda, daftari likaandika zimefika, na kwangu hazikuonekana. Nilifuatilia kwa barua pepe majuma kadhaa. Sikuzipata.

Katika ripoti ya mwezi huo nilitaja makala zangu bora tatu. HIVE 40 sikuzitaja. Niliona aibu, na nikajiambia kwamba habari mbaya huwavunja moyo wageni.

Miezi miwili baadaye mgeni mmoja aliyekuwa akinifuata, mtu aliyeniita kaka tangu siku yake ya kwanza, alifanya kosa hilohilo na kupoteza karibu kila alichokuwa nacho. Nilipomwandikia pole na kumweleza kwamba hata mimi yalinikuta, alinijibu sentensi moja: "Kaka, kwa nini hukutuambia?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo nakusihi: katika kila ripoti weka sehemu ya makosa, na uiweke mahali inapoonekana. Eleza ulikuwa unafanya nini, ulibonyeza nini, ulipoteza nini, na sasa unafanyaje. Mimi sasa kabla ya kutuma fungu kubwa hutuma kwanza fungu dogo linalokubalika na soko, hungoja lionekane, ndipo hutuma lililobaki. Sentensi kama hiyo inaweza kuokoa akiba ya mtu ya mwaka mzima.

Makosa mengine ambayo wageni wengi hukutana nayo, na ambayo ripoti yako inaweza kuyawahi, ni haya. Mgeni hujibu maoni ya watu kwa shauku, kisha akaunti ikagoma ghafla. Hajafungiwa. Ametumia akiba yake yote ya uwezo wa kufanya mambo kwenye mtandao, akiba ambayo huwa ndogo kwa mwenye HP ndogo na hujirudisha taratibu kwa muda wa siku 5. Mgeni mwingine hupiga kura mia kwa siku moja, kisha akashangaa kura zake hazina uzito. Kura kamili hupunguza nguvu ya kura kwa asilimia 2, na nguvu hurudi kwa asilimia 20 kwa siku, kwa hiyo kiasi kinachofaa ni kama kura kamili 10 kwa siku. Mwingine huchukua picha na aya za watu bila kutaja chanzo. Huyo hukutana na kura za kupinga, na sifa yake, ambayo kila mtu huianza kwa 25, hushuka mbele ya watu wote.

Kabla ya kupiga picha ya skrini

Ripoti nyingi hubeba picha za skrini, na picha za skrini zimewaponza watu. Kabla hujaweka hata moja, hakikisha hakuna ufunguo unaoonekana, hata nusu yake.

Akaunti ya Hive ina neno kuu la siri, na chini yake funguo nne. Ufunguo wa kuchapisha hukuruhusu kuandika, kutoa maoni na kupiga kura. Ufunguo wa fedha huhamisha sarafu na kufungua HP. Ufunguo wa mmiliki hubadilisha funguo nyingine zote. Ufunguo wa memo husoma ujumbe uliofichwa. Kwa kazi ya kila siku, ufunguo wa kuchapisha unatosha. Ule wa mmiliki na neno kuu la siri viandike kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili, na usiviingize kwenye tovuti yoyote kwa sababu tu mtu ameweka kiungo kwenye maoni yako akisema umeshinda zawadi.

Usiseme sana kwa mgeni kwamba "mtandao ni salama". Tarehe 14 Julai 2016, siku 10 tu baada ya malipo ya kwanza kabisa ya Steem, wavamizi waliingia kwenye akaunti kama 260. Mwambie mgeni kinacholindwa na kisicholindwa. Ufunguo wa mmiliki ukiibwa na kubadilishwa, una siku 30 za kuirejesha akaunti kwa msaada wa akaunti ya uokoaji uliyoiteua. HP haiwezi kuibwa kwa usiku mmoja, kwa sababu hutoka kwa mafungu ya wiki kwa wiki. HBD na HIVE zilizo wazi zinaweza kutoka papo hapo. Ukiziweka kwenye sehemu ya akiba, kuzitoa huchukua siku 3, na siku hizo 3 ni ulinzi wako.

Na hili lirudie kila ripoti, hata kama utaona unawachosha wa zamani: hakuna ofisi ya kwenda kudai neno la siri lililopotea. Wageni waliozoea kupiga simu huduma kwa wateja na kurudishiwa namba ya siri hudhani huku nako ni hivyo.

Ripoti yenyewe

Chagua siku moja ya mwezi na uishike. Wengi hutumia tarehe 1, siku ambayo watumiaji wa Hive wana desturi ya kuhamisha sarafu zao kuwa HP kwa pamoja, kwa hiyo wasomaji huwa wengi na mazungumzo huwa ya akiba na malengo. Ripoti ya kila siku huchosha na haina la kusema. Ya kila mwezi humpa msomaji umbali wa kuuona.

Huu ni mfano wa ripoti ya mwezi wa kwanza, ya akaunti ya kubuni, ili uone umbo lake:

"Siku 30. Makala 8, maoni 140. Saa 26. Bando la shilingi 15,000. HP yangu mwenyewe: kutoka 0 hadi 6. HP ya kuazimwa: 15. HBD 2. Nilichotoa na kukitumia mkononi: sifuri. Sifa: kutoka 25 hadi 41. Makala mbili hazikulipwa kabisa. Moja, kuhusu jinsi mama yangu anavyokausha samaki, ilileta zaidi ya nusu ya mapato yote, na kura kubwa ilitoka kwa mtu mmoja niliyekutana naye kwenye maoni ya watu wengine. Kosa la mwezi: nilichapisha makala tatu siku moja, zote zikapita bila kusomwa. Mwezi ujao nitaandika mbili kwa wiki na kutoa maoni yenye maana kwa watu watano kila siku."

Tazama jinsi tarakimu na maneno yanavyoshikana hapo. Mgeni anajua kilichofanyika, kilichogharimu, kilichofaa na kitakachofuata. Anaweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi bila kukuuliza. Na lengo la mwezi ujao ni kazi ya kufanya, siyo kiasi cha fedha, kwa sababu kazi iko mikononi mwako na kura ziko mikononi mwa wengine.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili. Aliyezoea kufikiri kwa Kiswahili akilazimisha lugha asiyoimudu hutoa makala nyembamba, na wasomaji huiona. Weka aya moja fupi ya Kiingereza mwishoni, kwa ajili ya wapiga kura wasioelewa, kisha ujenge makala yako kwa lugha unayoota nayo. Maelezo ya funguo, memo na mafungu 13 yakiwa kwa Kiswahili safi humfikia mtu ambaye maelezo ya Kiingereza yangemwacha akibahatisha, na kwenye mambo ya fedha kubahatisha ni hasara.

Yasiyo yako kuahidi

Usimwambie mgeni atapata kiasi gani. Usimwambie bei itapanda. Usimshauri akope, wala auze kitu cha ndani ili anunue sarafu. Kuandika hakuhitaji mtaji, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima Hive bila kutoa shilingi mfukoni isipokuwa ya bando.

Mwambie pia kwamba nchi zetu zina sheria zake, tena zinabadilika. Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Kenya ilianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, kisha mwaka 2025 ikaiondoa na kuweka ushuru kwenye ada za watoa huduma. Kabla ya kumshauri mtu namna ya kutoa fedha, mwelekeze aangalie kanuni za mwaka huo mahali anapoishi.

Mgeni akishasoma

Kazi haiishi unapobonyeza kitufe cha kuchapisha. Siku 7 za kwanza makala yako inapigiwa kura, na siku hizohizo ndizo maswali huja. Jibu kila moja. Swali likirudiwa na watu watatu, ujue hukueleza vizuri, na ripoti ijayo ianze nalo. Mgeni njoo mwenyeji apone: maswali ya wageni ndiyo yaliyoniponya na uzembe wa kuandika tarakimu bila maana.

Kura yako kwa mgeni huenda isizidi senti, lakini maoni yako yanaweza kumbakisha. Soma makala yake yote, taja kitu mahususi ulichokipenda, mwonyeshe kimoja cha kurekebisha. Ukiwa na HP ya kutosha, mwazime kidogo ili akaunti yake isigome. Ukiidai tena, hurudi baada ya siku 5, na umeondoa kikwazo kinachowafukuza wengi wiki ya kwanza. Mwunganishe na jumuiya inayoandika mambo anayoyajua, awe mkulima, mshonaji au mwalimu.

Mpwa wangu alifungua akaunti wiki ileile, baada ya karatasi yetu. Rafiki yake mmoja aliposikia habari za mafungu 13 aliacha kabla ya kuanza, na sikuona ubaya, maana aliacha akiwa anajua anachokiacha. Wa pili aliingia pamoja naye.

Mwezi ulipotimia, mpwa wangu alichapisha ripoti yake ya kwanza bila kunionyesha kwanza. Mstari wa pili ulisema hajatoa hata shilingi. Mstari wa nne ulieleza kwamba siku aliyojisajili alipakua faili la funguo zake kwenye kompyuta ya duka la intaneti, akaondoka akaliacha humo. Usiku alikumbuka, akabadilisha funguo zote kabla hajalala, na kesho yake akarudi kulifuta. Aliandika hatua zote alizofuata kubadilisha funguo hizo, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili ambacho bibi yake angekielewa.

Chini yake palikuwa na maoni ya mtu nisiyemjua: "Mimi nililiacha langu wiki iliyopita. Nianzie wapi?" Nilifungua kisanduku nimjibu. Nikakuta mpwa wangu ameshamjibu, na yule mtu ameshaandika chini yake: "Nimeshabadilisha zote. Asante."